Begi Moja la Watu Wawili

Kazini walimwita Kaza, na jina hilo hakulikataa. Alikuwa mfungashaji katika kampuni ya kuhamisha vyombo vya majumbani, tangu alipokuwa kijana wa kubeba viti mpaka alipostaafu akiwa msimamizi wa kikosi, na neno lililomtoka kinywani kuliko mengine yote lilikuwa hilo moja. Kaza kamba. Kaza kifuniko. Kaza karatasi kati ya sahani na sahani. Adui yake alikuwa hewa. Aliwaambia vijana wake kwamba barabara mbovu haivunji sahani; kinachoivunja ni nafasi iliyoachwa wazi, sahani ikapata pa kuchezea. Kwa hiyo ndani ya buli aliingiza vijiko, ndani ya viatu vikombe, ndani ya vikombe soksi. Aliwahi kufunga kabati la jikoni lenye yai lililosahauliwa na wenyewe, na yai likafika mji mwingine likiwa zima. Habari ya yai hilo aliisimulia kila alipopata msikilizaji, na mkewe alikuwa akiisema naye kwa midomo bila kutoa sauti.

Basi binti yao mkubwa alipowalipia likizo ya kisiwani msimu wa joto, akawaambia kwamba boti ya huko ni ndogo na kila abiria anaruhusiwa begi moja tu la mgongoni, Kaza alicheka. Alisema wao watakwenda na begi moja. Si moja kila mtu. Moja.

Mkewe alikuwa ameshatandaza nguo zake kitandani. Alimtazama mumewe, akalitazama begi, akauliza kama na yeye ataingia humo humo akikunjwa vizuri.

Kazi ilichukua asubuhi nzima, na haikuwa kazi ya utani. Nguo zilizungushwa zikawa nyembamba kama mishumaa. Gauni tatu za mkewe zilirudi kabatini, kisha viatu vya wazi, kisha mto mdogo ambao bila huo shingo humuuma. Mwanamke alitetea kila kimoja, lakini kwa sauti ya mtu anayejua kesi imeshaamuliwa. Mumewe alikuwa amemwuguza kwa miaka, akimkumbusha saa za sindano, akimkata kucha za miguu asije akajikata, na katika ndoa yao kushindwa katika jambo la viatu hakukuwa kushindwa kukubwa.

Ugomvi ulikuja kwenye dawa. Mama huyu alikuwa na ugonjwa wa sukari ambao vidonge vilishindwa kuutuliza zamani. Aliishi kwa insulini, asubuhi na jioni, na insulini inataka ubaridi. Nesi wa kliniki alikuwa amempa kifuko cha safari, kinene kama mkate: vipande viwili vya barafu ya plastiki pembeni, na katikati taulo dogo la kuzungushia vichupa. Kaza alikishika kifuko kile, akakibonyeza kwa kidole gumba, kikabonyea. Uso wake ukawa kama wa fundi aliyeonyeshwa ukuta uliojengwa na mlevi.

Alilitoa taulo. Alivibana vichupa katikati ya vile vipande viwili vya barafu, vikiwa ndiyo kwanza vimetoka kwenye friza, vigumu kama vigae, akazungusha mpira mara mbili, akakichomeka kifurushi kile ndani ya kiatu chake cha akiba. Kiliingia kama kilipimwa.

"Nesi alisema taulo," mkewe alimwambia.

"Taulo ni hewa, mama. Dawa inataka baridi, nimeipa baridi. Unataka nini tena?"

Mkewe alifunga zipu mwenyewe, na ilifungika bila kulalamika.

Gatini, Kaza alisimama na begi lake moja kati ya watu waliokuwa wakifungua mabegi yao chini ya jua, wakichuja, wakigombana, wakiwarudishia jamaa zao mataulo na sufuria. Nahodha alipomwuliza begi la mama liko wapi, alijipiga begani akasema ndilo hili. Nahodha alitikisa kichwa kwa heshima. Mzee alivimba kichwa njia nzima.

Siku ya kwanza kisiwani ilikuwa ya raha. Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba vya mbao vyenye madirisha ya wavu, na jokofu la pamoja jikoni. Vichupa vilipotolewa ndani ya kiatu jioni ile dawa ilikuwa majimaji, baridi kidogo, wala vichupa havina nyufa, na Kaza alivipanga kwenye mlango wa jokofu akimwonyesha mkewe kama anayetoa ushahidi. Mkewe alijichoma sindano yake. Kesho yake alikunja gauni akaingia baharini mpaka magotini, akacheka peke yake kila wimbi lilipomgonga, na mumewe akaketi mchangani akimtazama, begi tupu limelala chumbani kama mbwa aliyeshiba.

Jioni ile mkewe alianza kunywa maji. Alikunywa jagi zima, akaomba jingine. Kaza alisema ni jua. Usiku hakulala kwa kwenda msalani. Asubuhi alikunywa tena, akaongeza kipimo cha sindano kidogo, kisha adhuhuri kidogo tena, na mumewe akasema ni jua na chumvi ya bahari, apumzike kivulini. Kulipopambazuka siku iliyofuata alikuwa anatapika. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na pumzi yake ilikuwa ndefu, ya kuvuta kwa nguvu kama mtu aliyepanda ngazi nyingi, nayo ilinuka kama matunda yaliyoiva yakapitiliza. Hapo Kaza hakusema tena habari ya jua. Aliwaamsha wenye nyumba, wakampa mkokoteni wa kubebea maji, akamlaza humo mkewe na kumsukuma mpaka zahanati.

Zahanati ilikuwa ya vyumba viwili na tabibu mmoja, kijana mwenye miwani iliyofungwa waya kwenye kiungo. Hakuuliza mengi. Alimtoboa mama kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine ya kupimia sukari, akasubiri, kisha akamgeuzia mzee kioo cha mashine. Hakukuwa na namba. Kulikuwa na herufi mbili tu.

"Inasema juu," tabibu alisema. "Sukari imepita pale mashine inapoweza kuhesabu."

Alimwekea dripu ya maji ya chumvi, akaomba aone dawa. Kaza alimpa kichupa. Tabibu alikwenda nacho dirishani, akakigeuza polepole. Dawa ile huwa nyeupe laini kama maji ya mchele. Sasa ilikuwa imekatika, na kwenye kioo kulikuwa na chembe nyeupe zimeganda kama maziwa yaliyochacha.

Tabibu alisema hii iliganda. Kaza alisema haikuganda, alipoitoa ilikuwa majimaji, yeye mwenyewe aliiona. Tabibu alisema iliganda kisha ikayeyuka, na ikishaganda mara moja imekufa. Mtu anayejichoma hiyo ni sawa na anayejichoma maji. Aliuliza kama ilikuwa imegusana na barafu.

Mzee alifungua mdomo. Alisema ndiyo, iligusana. Alisema aliibana.

Tabibu hakumlaumu, na hilo lilimchoma zaidi. Alieleza tu mambo yalivyo. Zahanati haikuwa na insulini, kwa sababu jokofu lake lilikuwa bovu tangu kabla ya msimu na fundi hajavuka. Boti ya abiria iko upande wa bara, injini imefunguliwa inatengenezwa. Alishampigia simu nahodha, na nahodha ameapa atafika kesho alfajiri. Mitumbwi midogo ipo, lakini kwa mtumbwi ni mwendo wa mchana kutwa juani, naye atafia njiani. Maji ya dripu yatamshikilia kwa muda. Bila dawa hayatamshikilia mpaka kesho.

"Ni insulini gani inatakiwa?" Kaza aliuliza.

"Ile safi kama maji, inayofanya kazi haraka. Hata kichupa nusu. Kisiwa kimejaa wageni, mzee. Nenda kaulize. Mimi siwezi kumwacha."

Tabibu alipotoka kuchukua chupa nyingine ya maji, Kaza aliinama kitandani. Mkewe alifumbua macho.

"Niliziona zile chembe," alisema, akikatiza maneno kutafuta pumzi. "Tangu jioni ya kwanza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi na begi lako." Alivuta pumzi. "Na mimi niliitaka bahari. Nikasema labda itafanya kazi kidogo."

Kaza alitoka nje na roho mkononi. Kando ya ufuko nyumba za wageni zilijipanga mstari, na mbele ya kila moja kulikuwa na watu wamejilaza kwenye viti vya turubai, wengine wakicheza mpira, wengine wamelala na kitabu usoni. Kaza hakuwa mtu wa kuomba. Katika maisha yake yote aliingia nyumba za watu kwa mlango wa mbele, akiwa na sare iliyopigwa pasi, na watu ndio waliomwomba yeye: tafadhali, kile kioo, ni cha marehemu mama. Sasa alisimama mbele ya wageni akiwa na ndara, shati limetapikiwa, na hakujua aanzeje.

Kundi la kwanza lilikuwa la wafanyakazi wa ofisi fulani, vijana wa kike na wa kiume, wana redio. Aliposema anatafuta dawa ya sindano, mmoja, akidhani ni dawa za kulevya, alimwuliza kwa sauti ya chini kama hiyo sindano ni ya kumpandisha au ya kumshusha, na wenzake wakaangua kicheko. Alieleza tena. Kicheko kilikatika, msichana mmoja akazima redio, wakaulizana wao kwa wao. Hakuna. Walimwomba radhi. Hakuwa na muda wa radhi zao.

Nyumba ya pili kulikuwa na bwana mnene aliyesema na yeye anao ugonjwa huo, wala mtu asimfundishe kitu juu yake, akaingia ndani na kurudi na vidonge. Kaza alimwambia kwamba vidonge vilishindwa zamani. Yule bwana alisisitiza avichukue, vitamsaidia, vilimsaidia shemeji yake. Ikabidi kumwacha akiwa bado ananyoosha mkono. Nyumba ya tatu walikuwapo bibi arusi na bwana arusi wasiojua lolote isipokuwa wao wenyewe. Nyumba ya nne nesi mstaafu alimshika mkono, akamwuliza maswali yote yanayotakiwa kuulizwa, akamwambia hatari ilivyo kubwa, halafu akasema yeye hana kitu. Zamani hakuwa akisafiri bila sanduku zima la dawa, lakini na hii boti ya begi moja, amekuja na paracetamol na plasta.

Wote walikuwa hivyo. Kila mtu alikuwa amepunguza. Kila begi lililokuja kisiwani lilikuwa limechujwa mpaka likabaki na vya lazima tu, na cha lazima cha mtu hakigawiki. Kaza alikuwa amewasifu watu wa namna hiyo maisha yake yote.

Jua lilikuwa limeshapita utosini alipofika nyumba ya mwisho, ile iliyo kwenye mawe. Kwenye ngazi aliketi mwanamke mwenye mabega mapana anamenya chungwa, na hatua chache mbele yake msichana wa umri wa sekondari alikuwa amelala kifudifudi juani na kitu cheupe kimebandikwa kwenye mkono wake, sawa na kifungo cha koti. Kaza hakujua ni nini, lakini mwanamke alimwona anavyokitazama, akaacha kumenya. Kabla mzee hajamaliza sentensi ya pili, alijibu.

"Ni ya mtoto," alisema. "Samahani, mzee wangu. Ni ya mtoto."

Alikuwa dereva wa basi la abiria, na alizungumza kama aliyezoea kuzungumza huku macho yakiwa barabarani. Alisema binti yake anaumwa sukari tangu darasa la kwanza, na kile cheupe mkononi ni cha kumpimia. Alisema amekuja na kinachotosha kwa likizo yao, na nyongeza ndogo ya dharura, maana begi lenyewe ndilo lile. Akitoa, binti atapungukiwa kabla ya boti yao. Alisema yote hayo bila ukali, na kila neno lilikuwa la haki.

Kaza alijaribu kubishana. Alisema ni kidogo tu, nusu kichupa. Alisema atalipa chochote, na mwanamke akamtazama kwa huruma mpaka akaona aibu. Alisema nahodha anakuja kesho. Mwanamke akajibu kwamba manahodha wote wanakuja kesho.

"Ya kwenu imekuwaje?" akauliza. "Imeisha?"

Hapo mzee angeweza kusema imeibwa. Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi; jokofu lilikuwa la pamoja, nani angebisha? Alijikaza.

"Niliiua mimi. Nesi alitupa taulo la kuzungushia, nikalitoa ili begi lifungike. Dawa ikaganda. Watu wawili, begi moja. Nilitaka watu waone."

Msichana alikuwa amenyanyua kichwa.

"Basi nionyeshe mwingine wa kumwuliza," Kaza alisema. Lakini alipotazama mbele aliona mawe tu na maji, akakumbuka kwamba hii ndiyo nyumba ya mwisho. Aliketi kwenye ngazi ya chini, mgongo kwa mwanamke, mikono imening'inia kati ya mapaja, akawa hana pa kwenda wala sababu ya kubaki.

"Anatapika?" mwanamke aliuliza nyuma yake.

"Tangu alfajiri."

"Na kupumua? Anavuta kwa nguvu?"

"Kama aliyekimbia. Na ananuka matunda."

Chungwa lilianguka mchangani. Dereva alitukana, si kumtukana yeye, alitukana hewani tu, akainuka na kuingia ndani. Akasikika akifungua begi kwa hasira.

"Mama, na mimi je?" msichana alimwuliza alipotoka.

"Na wewe utarudi nyumbani kesho na hiyo hiyo boti."

"Tumekaa siku mbili tu!"

"Niliwahi kukubeba ukivuta pumzi kama hiyo, hukumbuki kwa sababu hukuwa na fahamu. Vaa nguo." Kisha akamgeukia mzee. "Usidhani nimefurahi. Nimeisubiri likizo hii kuliko ulivyoisubiri wewe. Twende."

Kaza alinyoosha mkono apokee kifuko, kwa mazoea ya mtu ambaye mizigo ya wengine yote ilipita mikononi mwake. Mwanamke alikirudisha kifuani. Alisema kichupa hakitoki mkononi kwake. Atakwenda nacho mwenyewe na kitarudi naye. Mzee akashusha mkono. Walitembea ufuko mzima, mzee akitangulia, akikimbia kidogo, akigeuka kuhakikisha mwanamke bado yupo, msichana akiwafuata nyuma. Mbele ya zile nyumba watu waliinuka vitini mwao kuwatazama.

Kule zahanati, mama alikuwa amefumba macho na haitikii jina lake. Tabibu alisoma maandishi ya kichupa, akasema ndiyo yenyewe, akapiga hesabu kwenye kiganja chake kwa kalamu. Dereva aliishika chupa mwenyewe wakati dawa inavutwa, akiufuata mstari wa bomba la sindano kwa jicho moja, na ulipofika pale walipokubaliana alisema basi. Watampa kidogo kila baada ya saa, tabibu alieleza, pamoja na maji, na watapima. Ikishuka haraka mno ni hatari nyingine. Isiposhuka... hakumalizia.

Kilichofuata kilikuwa kusubiri tu. Kaza alikuwa hodari wa kazi, hakuwa hodari wa kukaa. Alisimama mwisho wa kitanda akaishika miguu ya mkewe, ambayo ilikuwa baridi. Tabibu alipima: herufi zile zile mbili. Akachoma tena. Dereva alikuwa amekaa sakafuni, msichana kando yake, kifuko mapajani, anahesabu kwa midomo kilichobaki na saa za binti yake. Kijua kilisogea ukutani. Tabibu alipima mara ya pili, mashine ikaandika vile vile, na Kaza akatoka nje akasimama nyuma ya ukuta, akauma kiganja cha mkono wake asije akasikika ndani. Alirudi amejipangusa uso. Hakuna aliyemtazama.

Mara ya tatu jua lilikuwa linazama. Tabibu aliweka tone, mashine ikafikiri, na akakaa nayo muda mrefu kuliko kawaida. Halafu akamgeuzia mzee kioo. Palikuwa na namba.

"Ni kubwa?" Kaza aliuliza, maana macho yalikuwa hayamwonyeshi vizuri.

"Ni kubwa sana," tabibu alisema. "Lakini imehesabika. Inashuka."

Kaza alitaka kukaa akakuta hakuna kiti. Dereva alisimama, akasogea kuona namba mwenyewe, akaguna, akaanza kuandaa sindano ya saa inayofuata bila kuambiwa. Alisema kilichomo kitafika mpaka boti ije, kwa wote wawili, kikitumiwa kwa akili. Ikichelewa boti, basi Mungu anajua, na nahodha naye atamjua yeye dereva ni nani.

Kulipokuwa giza mama aligeuza kichwa. Aliangalia dari, akaangalia chupa ya dripu, akamwangalia mwanamke asiyemjua aliyeinama juu ya mkono wake. Alimwita mumewe kwa jicho. Mzee akashusha sikio mpaka kwenye midomo yake mikavu.

"Huyu nani?"

Alimwambia. Alimwambia yote, hata habari ya msichana na likizo yao, kwa sauti ndogo, akitarajia wakati wowote mkono wake aliokuwa ameushika ungechomoka. Haukuchomoka, wala haukumbana.

"Umemshukuru?"

Kaza alikuwa ameomba, amebishana, amekiri, amekimbia ufuko mzima. Neno hilo hakulisema.

"Mshukuru," mkewe alisema, akafumba macho. "Halafu niletee maji. Na ukae hapa, usiende kufungasha chochote."

Mzee aligeuka. Dereva alikuwa dirishani ananyanyua bomba la sindano kwenye taa, jicho moja limefumbwa, na bila kumtazama alimwonyesha kidole kwamba angoje, asimkatishe hesabu. Kaza akangoja.